Mikorosho Kumi na Moja ya Mzee Bwanali

Saturnini alikata mikorosho kumi na moja ya mzee Bwanali. Aliikata kwa siku mbili, mwezi wa nane mwaka 1998, maua yakiwa yameanza kushika, na shoka alilotumia lilikuwa langu. Mimi nilikuwa nyumbani nasikia shoka linalia kule bondeni, nikamwambia mke wangu Aneth, "Sikiliza mkimbizi anavyochapa kazi. Vijana wa hapa saa hizi wamelala."

Aneth akasikiliza kidogo. "Anakata nini?"

"Vichaka. Si nimempa shamba?"

Saturnini alikuwa Mrundi, fundi mwashi. Alikaa kambini Kigoma miaka miwili na mke wake Dafrosa na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Aliyewaleta huku kwetu ni Sista Justa, mtawa aliyekuwa anasimamia huduma ya wakimbizi pale Nachingwea. Aliomba kibali serikalini, akaruhusiwa kutoa kambini familia tatu za mafundi waje kujenga makanisa. Familia mbili zilibaki Nachingwea. Ya tatu ikaletwa Malolo, kwenye kigango chetu, maana tulikuwa tumechoma matofali na hatuna mtu wa kuyapanga yakasimama wima.

Kibali kilikuwa na masharti. Kila mwezi Saturnini aende Ruangwa kusaini ofisi ya wilaya. Asitoke kata yetu bila barua ya mtendaji. Na ikitokea ugomvi kati yake na wenyeji, familia nzima inarudi kambini. Chini ya masharti hayo palihitajika mdhamini. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya huruma ya kigango. Shule niliishia darasa la nne, lakini jina langu naliandika vizuri. Nikaliandika.

Haikuwa rahisi kwao. Walitoka milimani kwenye baridi na maji kila bonde, wakaja hapa kwenye joto na kisima kimoja cha kupanga ndoo. Ugali wa muhogo ulikuwa unawakwama kooni. Mtoto wa pili alishikwa na malaria mara tatu kwa miezi minne. Dafrosa alikuwa haongei na mtu, akienda kisimani anasubiri mpaka wote waondoke. Sisi tulipeana zamu. Jumuiya hii ikawapeleka mashineni, ile ikawapeleka zahanati, nyingine ikamwonyesha Dafrosa jinsi ya kupepeta ufuta. Kila Jumapili tulikuwa tunaulizana, tumesahau nini? Tunajibu hatujasahau kitu.

Mimi nikatoa shamba. Eka mbili, bure. Padri alilitangaza kanisani na watu wakapiga makofi, nikasimama nikainama kidogo. Sikusema, na hakuna aliyeuliza, kwa nini ekari zile nilikuwa sizilimi. Udongo ulikuwa wangu kutoka kwa mjomba, lakini mikorosho iliyokuwa juu yake ilikuwa ya Bwanali. Baba yake aliipanda zamani kwa ruhusa ya mjomba. Ndivyo mambo yalivyo kwetu, ardhi inaweza kuwa yako na mti ukawa wa mwenzako. Unalima kati ya miti, hugusi mti. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Kwa hiyo nilitoa shamba ambalo halikuwa linaniingizia kitu, nikapigiwa makofi, na nikasahau kwamba Saturnini hakuzaliwa Malolo.

Siku ya tatu nikashuka bondeni kuchukua shoka. Nikakuta anga tupu mahali ambapo sikuwahi kuona anga maisha yangu yote. Matawi yamepangwa vizuri pembeni, kuni zimefungwa mizigo. Saturnini alikuwa anafuta jasho na anacheka, siku ya kwanza namwona anacheka.

"Mwenyekiti! Karibu. Maharage yatapata jua sasa."

Nikaenda nikashika kisiki kimoja.

"Ilikuwa na ugonjwa," akasema. "Majani yote yalikuwa na unga wa njano. Unanuka kama kiberiti. Watoto walikohoa. Nikasema nikate kabla ugonjwa haujaenda kwenye miti ya watu."

Ule unga ulikuwa salfa. Bwanali alikodi mashine wiki moja kabla, akapulizia miti yake dawa isiharibike maua, wakati Saturnini yuko kanisani anajenga. Alitumia mifuko miwili. Na miti ile yote kumi na moja ilikuwa imepokea dawa vizuri, ndiyo maana yote kumi na moja ilionekana inaumwa.

"Saturnini," nikamwambia, "hii miti ni ya mtu."

"Ya mtu nani? Si shamba lako ulinipa?"

"Shamba langu. Miti ya Bwanali."

Akaniangalia kama nimelewa. Halafu akaangalia visiki, kimoja kimoja, na ule uso uliokuwa unacheka sikuuona tena muda mrefu.

* * *

Bwanali alikuwa Myao, mzee wa miaka sitini hivi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Yeye na mimi ni watani, Myao na Mmwera. Tangu nikiwa mdogo alikuwa ananitukana na mimi namtukana, msiba ukitokea kwake mimi naenda kumnyang'anya jembe na kumcheka, ukitokea kwangu anakuja kuficha sufuria. Ndiyo heshima yetu.

Alasiri hiyohiyo akaja kwangu. Alikuwa anatoka shamba na panga mkononi. Saturnini alikuwa amekaa kwenye gogo uwanjani, nilimwita ili tuzungumze vizuri, na Dafrosa alisimama nyuma yake na mtoto mgongoni.

"Yuko wapi huyo Mmwera anayegawa miti ya watu?" Bwanali akaanza kabla hajafika.

"Karibu mtani," nikasema.

"Sikaribii! Leo nimekuja kuua. Nitawakata Wamwera wote wa hapa, nianze na huyu mgeni wenu, nimkate usawa wa kiuno kama alivyonikatia miti yangu. Wewe mgeni, leo kula ushibe. Kesho nakuzika."

"Utamzika wapi, na wewe kaburi la kuchimba hujui?" Aneth akamjibu kutoka jikoni. "Shimo la choo tu lilikushinda."

Majirani wakacheka. Bwanali mwenyewe mdomo ukamcheza, ingawa macho yake yalikuwa mekundu na niliona amelia. Aneth akamletea maji, akanywa, akaweka panga chini. Ndipo akaniambia kwa sauti ya kawaida:

"Utani weka pembeni. Nataka miti yangu."

"Miti imeshakatwa, mzee."

"Nataka miti. Mimi sina mtoto wa kunilisha, nina mikorosho. Kama hakuna, naenda kwa mtendaji."

Akaenda kweli. Mtendaji wetu Nasri alikuwa kijana mtaratibu. Akaniita akanieleza bila kupepesa macho kwamba leo ni Alhamisi, na yeye atakaa na malalamiko ya Bwanali mpaka Jumatatu asubuhi. Tukipatana, karatasi inachanwa. Tusipopatana, barua inakwenda Ruangwa, na akina Saturnini wanarudi kambini.

"Hukumwambia kwamba miti si yake?" Nasri akauliza.

"Nani anaambiwa kitu kama hicho?"

"Asiyejua," akasema, akaendelea kuandika.

Nikaita kamati jioni. Tulikuwa saba. Nikawaeleza. Mmoja akasema tumwandikie Sista Justa. Mwingine akasema tuombe. Wa tatu akasema kila jumuiya itoe mkorosho mmoja au miwili, na hapo wote wakaanza kueleza mikorosho yao ilivyozeeka. Sikuwalaumu, bei ya korosho ilikuwa nzuri miaka ile. Na mimi sikusema chochote, nilikuwa na mikorosho ishirini na sita.

Nyumbani Aneth akaniuliza, "Mmeamua nini?"

"Tutamwandikia Sista."

"Sista ana mikorosho?"

Nikainama kuvua viatu.

"Baba Eva, ulitoa udongo ambao hata mbuzi wetu hawaendi. Watu wakakupigia makofi, na mimi nikapiga. Sasa ndiyo unaombwa sadaka."

"Korosho za mwaka huu ni bati. Na mwakani ni ada ya Eva."

"Najua ni nini," akasema. "Mimi ndiye ninayeziokota."

Nikamgeuzia mgongo nikalala.

* * *

Ijumaa asubuhi nikapita kwa Saturnini. Mlango umefungwa kwa kamba. Kuku wao mmoja yuko nje. Majivu jikoni baridi. Shoka langu limeegemezwa ukutani, limeoshwa.

Nilielewa palepale. Sisi tulicheka, wao hawakucheka. Mtu amekuja na panga, amesema kesho nakuzika, na watu wote wamecheka, na mke wa mwenyekiti amemletea maji ya kunywa. Kwa watu waliotoka walikotoka, maneno hayo yana maana moja tu.

Na walikuwa wametoka bila barua. Wakikamatwa njiani, hata Bwanali angesamehe isingesaidia.

Nikachukua baiskeli. Pale kisimani wakaniambia wamewaona alfajiri wanaelekea njia ya Nanganga. Walikuwa wanafuata barabara kubwa, wapate gari. Sijawahi kukanyaga pedali hivyo tangu nilipokuwa kijana. Mchanga mwingi, jua limeshapanda, na baada ya kama saa moja na nusu tairi la nyuma likapasuka kwenye jiwe. Nikakimbia naisukuma baiskeli hivyohivyo.

Niliwakuta wamekaa ndani ya kalavati kavu chini ya barabara, wote watano, na mzigo mmoja wa shuka. Mtoto wa kati alikuwa anatetemeka kwa homa. Saturnini aliponiona akasimama akawaweka wengine nyuma yake. Akaangalia mikono yangu.

"Niko peke yangu," nikasema. "Sina kitu. Tazama. Nina baiskeli mbovu."

"Yule mzee yuko wapi?"

"Yuko nyumbani kwake anakunywa uji. Hatakuua, Saturnini. Yule anasema hivyo kwangu kila wiki. Alishaniambia atanichinja siku ya harusi yangu, mbele ya padri."

"Na panga?"

"Alitoka kufyeka."

Hakuniamini. Aliyeongea ni Dafrosa. Miezi minne sikuwahi kusikia sauti yake zaidi ya shikamoo.

"Baba," akasema, "kwetu jirani alisema kwa mdomo wake kwamba atatumaliza. Mume wangu akasema anatania. Tulikaa siku mbili. Kaka zangu wawili walikaa siku tatu." Akampapasa mtoto kichwani. "Mimi sitakaa tena kungoja kujua kama mtu anatania."

Nikakaa chini kwenye mchanga, tukatazamana. Nilifikiria bati, nikafikiria Eva. Halafu nikasema jambo ambalo nilikuwa nimeligeuzia mgongo usiku kucha.

"Miti uliyokata, yote kumi na moja, nimeilipa mimi. Nina ishirini na sita. Bwanali atachuma kumi na moja kwangu. Hakuna ugomvi tena, na pasipo ugomvi hakuna wa kuwarudisha. Lakini lazima turudi sasa hivi, kabla Nasri hajajua mmetoka."

"Umelipa lini?" Saturnini akauliza.

"Sasa hivi."

Saturnini akainama akambeba yule mtoto mwenye homa, akamweka kwenye baiskeli yangu, tukaanza kurudi. Nilisukuma mimi, yeye akamshikilia mtoto asidondoke. Tairi lilikuwa linapiga kelele njia nzima.

* * *

Nilimpitia Bwanali kabla ya mtendaji. Nikamweleza habari ya kalavati. Sikupamba. Nikamwambia alichosema Dafrosa, neno kwa neno.

Mzee akakaa chini. "Watoto pia walikuwa humo?"

"Watatu."

"Kwa sababu ya maneno yangu?"

"Yako na kicheko chetu."

Alitoka palepale bila viatu. Alienda mpaka mlangoni kwa Saturnini, na panga ameliacha, na hata fimbo yake aliiacha. Akasimama mbali, akaita kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Hodi. Ni mimi mzee mjinga. Naomba niingie." Saturnini akamfungulia. Sikuingia. Nilisikia tu Bwanali anasema, "Mwanangu, mimi nikinyamaza ndipo uogope," na baada ya muda nikasikia mtu anacheka kidogo ndani, na alikuwa ni Dafrosa. Nikakaa kwenye gogo la kuni nikapumua.

Jumatatu tukaenda kwa Nasri. Tukapatana hivi: Bwanali anachuma miti yangu kumi na moja mpaka yake itakapozaa tena, na ule ambao hautaota tena, nampa wangu moja kwa moja.

"Visiki vinazaa?" Nasri akauliza.

"Sijui," nikasema kweli.

"Vitaota," Saturnini akasema. Ilikuwa mara ya kwanza anafungua mdomo ofisini. "Si vyote. Miti minne ya kwanza nilikata chini kabisa. Halafu nilichoka, nikaanza kukata usawa wa kiuno. Ile saba itaota. Nilijifunza kubebesha miche ya michungwa kwa masista kule kwetu. Mkiniletea vikonyo vya mkorosho mzuri, vile vijiti vya kuunga kwenye machipukizi, nitabebesha."

Bwanali akamgeukia. "Kumbe una uvivu kidogo?"

Saturnini akamtazama, akafikiri. "Kidogo, mzee," akasema.

"Mungu ashukuriwe."

Nasri akachana karatasi.

Mvua za kwanza visiki saba vikatoa machipukizi, mekundu, laini. Bwanali alikuwa anakwenda kuyahesabu kila siku kama mtu aliyepata wajukuu. Sista Justa akaleta vikonyo kutoka Nachingwea, na Saturnini akavibebesha akiwa amepiga magoti, Bwanali amemshikia kamba na anamtukana kwamba anafunga kama Mmwera. Mwaka uliofuata Saturnini alijifunza kutukana naye. Alianza vibaya, alimwambia mzee kitu ambacho hakisemwi hata kwa utani, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Dafrosa akawa anakwenda kisimani na wenzake.

Kanisa lilikwisha mwaka 2000, kuta zimesimama wima. Muda wa kuhuisha kibali ulipofika palitakiwa shahidi mwenyeji asiye wa kanisa. Bwanali alivaa kanzu akaenda Ruangwa mwenyewe, akaweka dole gumba. Mwaka 2002 miti saba ikazaa vizuri, akaniachia saba yangu. Mwaka 2004 Saturnini akarudi kwao Burundi kwa hiari yake, yeye na familia yake, wote watano wakiwa hai, na wa sita aliyezaliwa hapa. Mtoto huyo jina lake Bwanali, ingawa amebatizwa.

Siku hizi kamati ikipokea mgeni, kitu cha kwanza tunampeleka mashambani tunamwonyesha, huu udongo wa fulani, huu mti wa fulani, na huyu mzee anayepiga kelele hatakufanya kitu.

Watu wananiuliza iligharimu nini. Korosho za miti kumi na moja, misimu minne. Mikorosho minne iliyokuwa yangu na sasa ni ya Bwanali, iko katikati ya shamba langu, naipita kila asubuhi. Bati za nyumba, tukakaa chini ya nyasi mpaka 2003. Tairi moja la nyuma na mpira wa ndani. Na Eva alifaulu kwenda sekondari mwaka 1999, ada haikuwepo, nafasi ikapita, akakaa nyumbani mwaka mzima anaokota korosho za mtu mwingine kwenye miti ya baba yake, mpaka mama yake alipouza ufuta akamlipia ada.